Santiago Ramón y Cajal, mtoto aliyekatazwa kuchora akaja kuchora ubongo

Picha ya seli ya neva inayochapishwa katika vitabu vya biolojia vya shule za sekondari, yenye matawi mengi upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili, leo inaonekana jambo la kawaida kama picha ya moyo au ya ini. Hata hivyo, hadi miaka ya 1880 wataalamu wengi wakubwa wa Ulaya walishikilia kwamba seli ya namna hiyo haisimami peke yake. Kwao, ubongo na uti wa mgongo vilikuwa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho, ambao nyuzi zake zote zimeungana. Aliyeuchana wavu huo alikuwa daktari wa Kihispania, mtoto wa kijijini, aliyefanyia kazi nyumbani kwake na kuchapisha matokeo kwa lugha ambayo wanasayansi wenzake wa Berlin na London hawakuwa na desturi ya kuisoma.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Baba yake, Justo Ramón, alianza kazi akiwa mwanagenzi wa mmoja wa wale vinyozi wa zamani waliokata nywele, kung'oa meno na kufunga majeraha, kisha akajisomesha kwa taabu hadi akawa daktari kamili. Mtu aliyepanda ngazi kwa jasho namna hiyo hakuwa na subira na mchezo, na mwanawe huyo alipenda mchezo kuliko kitu chochote.

Zaidi ya mchezo, alipenda kuchora. Alichora kwenye kuta, kwenye milango na pembezoni mwa vitabu vya shule. Baba yake aliuona uchoraji kuwa njia fupi ya kuelekea kwenye ufukara, lakini kwa kuwa alitaka kuonekana mwenye haki, alimpelekea mchoro mmoja wa mtoto huyo fundi wa kupaka chokaa aliyekuwa akitengeneza kuta za kanisa. Fundi akatoa hukumu kwamba kijana hana kipaji. Rangi na kalamu zikapigwa marufuku nyumbani, na Santiago akaendelea kuchora kwa siri.

Shuleni mambo hayakuwa bora. Watawa waliomfundisha katika mji wa Jaca walitumia fimbo na chumba cha kufungia watoto, na yeye alivionja vyote. Akiwa na umri wa miaka kama 11, alitengeneza mzinga kwa gogo la mti na kuufyatua kuelekea lango la jirani. Lango lilivunjika, naye akafungwa siku kadhaa katika mahabusu ya mji. Baba alijaribu dawa nyingine akampeleka kujifunza unyozi, kisha ushonaji wa viatu. Huko kwenye viatu kijana alionyesha mkono hodari, jambo ambalo halikumfurahisha sana mzazi aliyetaka daktari.

Kilichowapatanisha ni mifupa. Mwaka 1868 baba alimchukua kwenye makaburi yaliyotelekezwa, wakakusanya mifupa ya watu na kuipeleka nyumbani ili Santiago ajifunze anatomia kwa kuigusa. Kwa baba lilikuwa somo la udaktari. Kwa mtoto, ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kuchora bila kujificha. Michoro yake ya anatomia ikawa mizuri kiasi kwamba baba, ambaye alikuwa ameanza kufundisha somo hilo mjini Zaragoza, alifikiria kuichapisha katika kitabu. Kitabu hakikutoka, kwa kuwa wachapaji wa mji huo hawakuwa na uwezo wa kuchapisha picha za namna hiyo.

Cajal alipata shahada ya udaktari mjini Zaragoza mwaka 1873, na muda mfupi baadaye akaandikishwa jeshini. Mwaka uliofuata alitumwa Cuba, koloni la Uhispania lililokuwa vitani kudai uhuru wake. Hakupigana na mtu. Adui yake alikuwa malaria na kuhara damu, pamoja na maofisa ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wakila chakula cha wagonjwa. Mwaka 1875 alirudishwa nyumbani akiwa amekonda na dhaifu. Miaka michache baadaye akaanza kukohoa damu kwa kifua kikuu. Akapona, lakini ndoto ya kuwa tabibu wa kutembelea wagonjwa vijijini ilikuwa imekwisha. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, na wakapata watoto saba.

Hadubini yake ya kwanza aliinunua kwa akiba aliyoiweka akiwa jeshini, baada ya kwenda Madrid kwa masomo ya shahada ya uzamivu na kuonyeshwa huko jinsi tishu za mwili zinavyoonekana kwa kioo. Ya pili, ambayo ilikuwa nzuri zaidi, aliipata kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1885 kipindupindu kiliivamia Valencia, mji ambao alikuwa profesa wa anatomia, na uongozi wa mkoa wa Zaragoza ukamwomba auchunguze ugonjwa huo. Alipomaliza, walimshukuru kwa kumpa hadubini ya Zeiss kutoka Ujerumani. Kuanzia hapo alikuwa na chombo sawa na cha maprofesa wa Berlin. Alichokosa ni kitu cha kukitazama.

Rangi nyeusi kutoka Italia

Ugumu wa kuuchunguza ubongo haukuwa udogo wa seli zake, bali wingi wake. Ubongo wa mtu mmoja una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, nazo zimesongamana na matawi yake kupishana kila upande. Ukizipaka zote rangi, unaona giza tupu. Usipozipaka, huoni kitu, kwa kuwa hazina rangi yake zenyewe.

Aliyepata njia ya kutoka hapo ni Camillo Golgi, daktari wa Italia. Mwaka 1873, akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika huko Abbiategrasso, karibu na Milan, Golgi aligeuza jiko kuwa maabara. Aliloweka vipande vya ubongo katika kemikali ya kuvikaza, kisha akavitia katika maji ya nitrati ya fedha, dawa ileile waliyoitumia wapiga picha. Seli chache tu, pengine moja katika mia, ziligeuka nyeusi kabisa hadi kwenye vitawi vyake vya mwisho, na nyingine zote zikabaki hazionekani kwenye usuli wa manjano. Kwa nini dawa hiyo huchagua seli hii ikaiacha ile iliyo jirani yake, ni swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha hadi leo. Lakini uchaguzi huo ndio uliowezesha kila kitu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuiona seli moja ya neva ikiwa nzima.

Golgi mwenyewe aliiona na bado akaamini wavu. Alidhani mikia ya seli hizo huungana na kuwa utando mmoja, na kwamba ubongo hufanya kazi kwa pamoja, si sehemu kwa sehemu. Njia yake haikuenea haraka. Mara nyingi ilishindwa bila sababu ya wazi, na watu wengi waliichoka.

Cajal aliiona mwaka 1887 nyumbani kwa daktari Luis Simarro mjini Madrid, ambaye alikuwa ameijua alipokuwa Paris. Mwaka huohuo alihamia Barcelona kuwa profesa, na huko akaigeukia dawa hiyo kwa ukaidi wa mtoto aliyeunda mzinga. Alirudia kuloweka mara mbili au tatu pale wengine walipoloweka mara moja. Kisha akafanya jambo ambalo, ukilitazama sasa, ni rahisi mno: aliuacha ubongo wa wanyama wazima akachukua ule wa viinitete na vifaranga. Katika mnyama mzima nyuzi nyingi za neva zimekwisha kuvaa ala ya mafuta ambayo dawa ya fedha haiipenyi, na matawi yamesongamana. Katika mnyama mchanga ala hiyo bado haijaota na seli ni chache na fupi. Yeye alifananisha jambo hilo na mtu anayetaka kujua umbo la mti, akauacha msitu mzito na kwenda kwenye kitalu cha miche.

Aliyoyaona yalikuwa wazi. Katika ubongo mdogo wa ndege, ulio nyuma ya kichwa, nyuzi za seli moja ziliizunguka seli nyingine kama kikapu, zikaigusa, na hapo zikakoma. Hazikuungana. Alitafuta muungano katika retina ya jicho, katika uti wa mgongo, katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na kila mahali alikuta ncha zilizo huru. Mfumo wa neva, kama sehemu nyingine zote za mwili, ulikuwa umejengwa kwa seli zinazojitegemea.

Haki inadai kusema kwamba hakuwa wa kwanza kulifikiria wazo hilo. Wilhelm His mjini Leipzig na August Forel mjini Zurich walikuwa wameandika kabla yake kwamba huenda seli za neva hazijaungana. Wao walikuwa na hoja, na Cajal akaleta ushahidi, seli baada ya seli.

Majarida yasiyokuwa na wasomaji

Hakuna jarida la Uhispania lililoweza kuchapisha haraka michoro mingi kiasi hicho, kwa hiyo Cajal alianzisha la kwake. Toleo la kwanza lilitoka mwezi Mei mwaka 1888. Alililipia mwenyewe kutoka katika mshahara wa profesa mwenye watoto wengi, akachapisha nakala 60 tu, na nyingi akazituma kwa wanasayansi wa nje. Mzigo wa kuifanya nyumba iendelee kwa pesa zilizobaki ulikuwa wa Silveria, na wasifu nyingi za mumewe humtaja kwa sentensi moja tu, jambo ambalo si haki.

Majibu hayakuja. Waliopokea jarida hilo hawakujua Kihispania, na hata walioweza kukifuatilia hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba jambo kubwa kama hilo limegunduliwa Barcelona na mtu wasiyemjua. Ilimbidi aende mwenyewe.

Mwezi Oktoba mwaka 1889 Chama cha Wanaanatomia wa Ujerumani kilikutana Berlin. Cajal alisafiri kwa gharama zake, akibeba vipande vyake vya vioo. Kijerumani hakukijua vizuri, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Alipanga hadubini mezani na kuwaita watu waje kutazama, mmoja mmoja. Waliokuja wakiwa na shaka waliondoka kimya. Miongoni mwao alikuwamo Albert von Kölliker wa Würzburg, mzee wa miaka 72 na mmoja wa wataalamu wa tishu walioheshimiwa kuliko wote Ulaya, ambaye kwa miaka mingi alikuwa upande wa wavu. Kölliker alimchukua mgeni huyo, akamtambulisha kwa wenzake, kisha akarudi maabara kwake kuyarudia majaribio yale. Yalipotoa majibu yaleyale, akaitangaza hadharani imani yake mpya, na inaelezwa kwamba alijifunza Kihispania katika uzee huo ili aweze kumsoma Cajal.

Jina lilitoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer wa Berlin aliandika mfululizo wa makala akiyakusanya matokeo ya Cajal na wengine, na humo akaiita seli ya neva nyuroni. Makala zake zilikuwa kwa Kijerumani na zilisomwa kila mahali, kiasi kwamba baadhi ya watu walidhani nadharia yote ni yake. Jambo hilo Cajal hakulipenda, wala hakulificha.

Njia ya habari mwilini

Kama mchango wake ungeishia kwenye umbo la seli, ungetosha. Lakini aliuliza pia habari inapita vipi ndani yake, na hapa ndipo akili yake inapoonekana zaidi, kwa sababu seli alizozitazama zilikuwa zimekufa na hazikuweza kumwonyesha mwendo wowote.

Alianza na viungo ambavyo mwelekeo wa habari unajulikana bila shaka. Mwanga huingia jichoni kutoka nje na kwenda ubongoni, hauji kinyume chake. Harufu ni vivyo hivyo. Basi akatazama kila seli ya retina na ya pua imekaa vipi katika njia hiyo, na mara kwa mara akakuta matawi mafupi yameelekea upande habari inakotoka, na mkia mrefu, yaani aksoni, umeelekea upande habari inakokwenda. Akahitimisha kwamba ndivyo ilivyo mwili mzima: habari huingia kwa matawi, hupita katika mwili wa seli, na hutoka kwa aksoni kwenda kuigusa seli inayofuata. Tangu hapo michoro yake ikajaa mishale midogo.

Kwa kanuni hiyo, jambo la kila siku lilipata maelezo. Mtu akikanyaga mwiba, seli yenye ncha zake katika ngozi ya unyayo hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo. Huko habari hupokewa na seli nyingine, na amri hutoka kwenda kwenye misuli ya paja na ya goti. Mguu huinuka kabla ubongo haujapata nafasi ya kutambua maumivu, kwa kuwa njia ya kwenda kichwani ni ndefu zaidi. Katika wavu uliounganika kila mahali, ni vigumu kueleza kwa nini mwiba wa mguuni usiutikise na mkono, jicho na ulimi kwa pamoja. Katika mnyororo wa seli, njia inaweza kufuatwa kwa kidole. Madaktari nao walipata msingi wa kueleza kwa nini jeraha la mahali fulani katika ubongo huondoa usemi na la mahali pengine huondoa nguvu za mkono.

Mwaka 1890 alieleza jinsi neva changa inavyokua, ikiwa na ncha iliyotanuka kama mkono unaopapasa njia gizani. Wengi walitilia shaka, hadi mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani alipoziona nyuzi za neva za chura zikirefuka zikiwa hai chini ya hadubini. Aliona pia vijimwiba vidogo kwenye matawi ya seli, ambavyo wenzake walidai ni uchafu wa dawa ya fedha. Aliwajibu kwa kuvionyesha tena kwa rangi tofauti kabisa. Leo vijimwiba hivyo vinajulikana kuwa mahali seli nyingi hupokelea habari, na vinahusishwa na kujifunza na kukumbuka.

Uhispania ilimtambua baada ya wageni kumtambua. Alihamia Chuo Kikuu cha Madrid mwaka 1892, akaalikwa London mwaka 1894 kutoa mhadhara mbele ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka 1899 akazuru Marekani, nchi iliyokuwa imetoka kuishinda Uhispania vitani mwaka mmoja nyuma. Kazi yake kubwa juu ya muundo wa mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo ilikamilika mwaka 1904. Alipoombwa kuwa waziri wa elimu, hakuuchukua wadhifa huo.

Mwaka 1906 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa watu wawili kwa pamoja kwa mara ya kwanza, nao walikuwa Golgi na Cajal. Huenda hakujawahi kuwa na washindi waliokubaliana kidogo zaidi. Walikutana Stockholm mwezi Desemba. Golgi alizungumza kwanza, na hotuba yake yote ilikuwa shambulio dhidi ya nadharia ya nyuroni, kana kwamba miaka kumi na minane iliyopita haikuwapo. Siku iliyofuata Cajal alipanda jukwaani, akamsifu mwenzake kwa njia ya rangi nyeusi ambayo bila yake asingeona kitu, kisha akaeleza alichokiona. Hasira yake aliihifadhi kwa ajili ya kitabu cha kumbukumbu zake.

Alifanya kazi miaka mingine karibu 30. Alichunguza kwa nini neva ya mkono iliyokatwa huweza kuota tena ilhali uti wa mgongo uliokatwa hauponi, akahitimisha kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia zimekwisha kufungwa na kinachokufa hakirudi, akawaachia wanasayansi wa baadaye kazi ya kuibadili hali hiyo ikiwezekana. Suala hilo bado linawashughulisha madaktari wanaotibu watu waliovunjika mgongo katika ajali. Alilea wanafunzi ambao wengine walikuja kuwa na majina makubwa, kama Pío del Río Hortega na Rafael Lorente de Nó. Silveria alifariki mwaka 1930.

Wafuasi wa wavu hawakwisha. Ilipofika mwaka 1933, Cajal, akiwa na umri wa miaka 81 na masikio yakiwa mazito, alichapisha utetezi mwingine mrefu wa seli zake. Alifariki mjini Madrid tarehe 17 Oktoba mwaka 1934. Hadubini za wakati wake zilimwonyesha ncha ya seli moja ikiigusa nyingine, lakini hazikuwa na nguvu ya kuonyesha kama kati yao kuna nafasi. Miaka 20 hivi baadaye, hadubini za elektroni ziliionyesha nafasi hiyo. Ina upana wa takribani nanomita 20, na unene wa unywele mmoja wa binadamu unaipita mara elfu kadhaa. Baadaye iligunduliwa kwamba zipo pia seli chache za neva zilizounganishwa kwa vitundu vidogo sana, jambo ambalo pengine lingempa Golgi tabasamu, ingawa hata hizo kila moja ina ukuta wake.